Goma, Bukavu au Lubumbashi: mji gani unastahili safari ya pili?

Rafiki yangu mmoja wa Mwanza, mfanyabiashara wa dagaa, amefika Goma mara moja, Bukavu mara moja na Lubumbashi mara moja. Mwaka huu ana siku kumi za mapumziko na nauli ya safari moja tu. Akanipigia simu: "Ndugu yangu, kati ya ile miji yenu mitatu ya Kongo, nirudi wapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Bukavu." Akacheka. "Wewe unapigia debe kwenu. Nijibu kama mtu asiye na kwao."

Alinibana mahali pazuri. Kitovu changu kimezikwa Bukavu, nilifanya kazi Goma miaka sita, na huu ni mwaka wangu wa nane Lubumbashi. Nimepokea wageni katika miji yote mitatu, nikaona wanaorudi na wasiorudi. Kitu kimoja nimekishuhudia mara nyingi mno: kinachomleta mgeni safari ya kwanza sicho kinachomrudisha. Kwa hiyo ukilinganisha miji hii kwa vivutio peke yake, kama vitabu vya wageni vinavyofanya, utachagua vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kufika, na vibaya kwa aliyekwisha kufika.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa utalii, Gitelson na Crompton, walichapisha sababu za watu kurudi mahali walipokwisha kutembelea. Walipata tano: mtu anakwepa hatari ya kupoteza pesa yake mahali asipopajua, anajua atakutana na watu wa aina anayoipenda, moyo wake umeshikamana na mahali pale, kuna mambo hakuyaona mara ya kwanza, au anataka kumwonyesha mwingine alichokiona yeye. Ukizisoma ukiwa Kivu, upande wa Goma na Bukavu, unatabasamu kidogo, kwa sababu hiyo ya kwanza kwetu imesimama kichwa chini miguu juu. Nitaifikia. Nyingine nne zinatosha kuitenganisha miji hii.

Ulichokiona, bado kipo?

Nianze na Goma, maana huko jibu liko wazi. Wengi hufika Goma kwa ajili ya Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470 unaousimamia mji kama baba mkali mlangoni. Safari ilikuwa ikianzia Kibati: mnapanda na askari wa hifadhi ya Virunga muda wa saa tano au sita, usiku mnalala kwenye vibanda ukingoni mwa kreta, na chini yenu lava inatokota kama uji sufuriani. Rafiki yangu alipanda mwaka 2019. Hadi leo akisimulia hushusha sauti, kama anayezungumzia marehemu.

Na kweli ni marehemu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikateremka hadi Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na lile ziwa la moto alilolitazama usiku kucha likatoweka. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava haikusimama hata hapo. Ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikala kanisa kuu la Saint-Joseph, ikaenda kuzimika ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na baada ya siku chache wakaanza kurudi wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Kuta nyingi unazoziona Goma ni za mawe hayo meusi. Mlima unabomoa nyumba, mwenye nyumba anaijenga upya kwa jiwe la mlima uleule.

Kwa hiyo anayerudi Goma kuona yaleyale atakwazika. Mgeni wangu mmoja, mwalimu wa Kigoma, alirudi baada ya miaka mitano akiwa na picha ya kibanda alikokunywa chai. Tulikitafuta asubuhi nzima. Mahali pake pamesimama ghorofa, barabara imeinuliwa, na mzee wa chai hakuna anayemfahamu. Nikadhani atahuzunika. Akaniambia anataka kurudi tena ili aone ghorofa lile litaishia orofa ya ngapi. Huyo ndiye mtu wa Goma. Anarudi kama mtu anayefuatilia habari: amekamata mwanzo, hawezi kulala bila kujua imekuwaje.

Bukavu ni kinyume kabisa. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na hakuna anayeweza kuvihamisha vidole hivyo. Ukiteremka kuelekea Nguba, kona ni ileile, maji yanatokea upande uleule, na zile nyumba za miaka ya Wabelgiji zenye pembe za mviringo, za wakati mji ukiitwa Costermansville, nyingi bado zinasimama, ingawa rangi imechoka. Kinachobadilika ni milima ya nyuma: mtaa wa Kadutu nyumba zimepandana hadi mtu anatembea mlangoni kwa jirani akiwa juu ya paa la jirani mwingine, na mvua ikikaza udongo mwekundu huporomoka na kuchukua watu. Hilo hatulifichi. Ila mgeni anayerudi Bukavu anaikuta picha yake pale alipoiacha.

Ukitaka mfano ulio bora zaidi, chukua gorila. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1980. Kituo chake cha Tshivanga kiko kilomita thelathini hivi kutoka mjini. Gorila wake ni wa nyanda za chini mashariki, wakubwa kuliko gorila wote, na hawapatikani porini nje ya Kongo. Virunga nayo ina gorila, lakini karibu wote ni wa milimani, wale ambao Rwanda na Uganda wanao pia. Kwa aliyekwisha kuwaona upande wa Rwanda, Bukavu inampa kitu ambacho jirani hana. Sasa sikiliza tofauti ya maswali. Mgeni wa safari ya kwanza huuliza, "Gorila wako umbali gani?" Aliyerudi huuliza, "Chimanuka hajambo?" Chimanuka ni dume la mgongo wa fedha ambalo waongozaji wa Tshivanga wamelijua kwa miaka mingi, na watu wamerudi kutoka mbali ili kuuliza habari za ukoo wake: nani amezaa, nani amehama na dume gani.

Na Lubumbashi? Hapa swali lenyewe halina miguu. Hakuna mtu niliyempokea Lubumbashi aliyekuja kuangalia kitu. Wanakuja kwa shaba, kwa harusi, kwa mzigo uliokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alama ya mji ni bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha takataka za madini kilicho kando yake. Mtalii anapiga picha moja, anauliza, "Na kingine?" Kwa kipimo cha vivutio Lubumbashi inashika mkia. Kwa kipimo cha kurudi, subiri kidogo.

Uliyoyakosa

Goma na Bukavu zinagawana ziwa moja, na kosa la wageni wengi ni kulitazama kutoka kitini. Boti ya kasi kati ya miji hii miwili huchukua muda wa saa tatu hivi, meli za mizigo huchukua usiku kucha, na katikati kuna Idjwi, kisiwa kikubwa ambacho wengi hukipita tu. Kama kuna jambo moja la kumrudisha mtu Kivu kwa sababu hakulifanya, ni kulala Idjwi. Hilo unaweza kulianza kutoka mji wowote kati ya hii miwili, kwa hiyo halimpi yeyote ushindi.

Kwa Bukavu ongeza Lwiro, kituo cha utafiti cha zamani za Wabelgiji chenye jengo kama kasri, ambako leo wanalelewa sokwe na nyani yatima walioponyoka mikononi mwa majangili. Kwa Goma kuna kisiwa kidogo cha Tchegera, ukingo wa kreta iliyozama. Na kuna tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014, ambalo lilikuwa likikusanya vijana wa nchi zote za Maziwa Makuu mahali pamoja.

Lubumbashi ndiyo yenye orodha ndefu ya yaliyokosewa, kwa sababu mji huu hautembelewi, unapitiwa. Jumba la makumbusho lina zile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha Katanga kabla ya sarafu. Maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, yaliyoanza mwaka 2008, yanaleta wachoraji na wapiga picha wa dunia katika mji ambao tangu miaka ya 1940 umekuwa ukitoa wachoraji wake wenyewe, watu kama Pili-Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mbali zaidi, katika hifadhi ya Kundelungu, kuna maporomoko ya Lofoi ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300. Njia yake ni ya kiangazi tu, na hata kiangazi nenda na gari lenye nguvu na dereva asiyelalamika.

Halafu mpira. Mtu aliyefika Lubumbashi bila kuona TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo wakikutana hajafika. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, Mazembe mikononi mwa mapadri wa Kibenedikto, Lupopo miongoni mwa watu wa reli, na mpaka leo kuna nyumba ambazo mume na mke hawaongei siku ya mechi. Mazembe wamekuwa mabingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 walifika fainali ya klabu za dunia wakafungwa na Inter Milan 3–0. Lakini hapa mjini mtu atakusimulia namna kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio, na hizo bao tatu hatazitaja.

Nani atakukumbuka

Nadhani uamuzi wote unakaa hapa, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Goma ni mji wa watu waliotoka kwingine. Wafanyabiashara wa Butembo, watu wa Masisi waliokimbia vita, wafanyakazi wa mashirika wa mkataba wa miezi sita, watu wa Bukavu wa kutafuta maisha kama mimi. Urafiki wa Goma unawaka haraka kama majani makavu. Siku ya pili unaalikwa kula jibini la Masisi na nyama ya kuchoma, siku ya tatu unaitwa kaka. Ukirudi baada ya miaka mitatu, namba ya simu haipatikani. Si ubaya wa watu. Mji wenyewe unasukumwa kama chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali iliyojengewa sanamu kwenye mzunguko wa barabara: ina mzigo mkubwa na haisimami.

Bukavu watu wanakaa. Mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale nilipokuwa nikila nikiwa kijana, leo binti yake ndiye anayeshika kikaango, na mama amekaa pembeni akihesabu pesa na kuwasema wateja. Nilimpeleka rafiki yangu pale safari yake ya kwanza. Yeye na dagaa zake za Mwanza, akaonja, akatikisa kichwa: "Hizi ni dagaa, mmebadilisha jina." Mama akamkaripia. Kwa kweli wote wawili walikuwa na hoja, kwani sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana. Dagaa wa Mwanza ni samaki mwingine kabisa. Mwaka jana nilipopita peke yangu mama aliniuliza: "Yule Mtanzania mbishi yuko wapi?" Miaka minne ilikuwa imepita na alikuwa amekula pale mara moja.

Lubumbashi ni ya namna ya tatu. Hapa hukumbukwi mgahawani, unakumbukwa nyumbani kwa mtu. Mgeni akifanya kazi na wewe wiki moja, Jumapili unamchukua Katuba au Kenya (sijakosea, Kenya ni komini, yaani mtaa wa hapa mjini, visa haihitajiki), anakaa uani, anapewa bukari (ugali wetu) na sombe (kisamvu) na kapenta (dagaa wa huku), na kama ni msimu, vinkubala, wale viwavi ambao mgeni huwatazama dakika kumi kabla ya kuonja mmoja na kisha kumaliza sahani. Wadogo wanamwita yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Akisharudi kwao ataanza kupata ujumbe wa misiba na ubatizo wa watu hao. Safari ya pili haiko chini ya uamuzi wake tena, ana watu. Kiswahili cha Lubumbashi kitamchekesha kidogo mtu wa pwani, lakini ndicho kitamfanya aone kwamba yuko kwa ndugu.

Ukitaka kumwonyesha mwingine

Rafiki yangu alitaja kwa kupitia tu kwamba pengine atakuja na mkewe na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Hilo linageuza mizani.

Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, na wazazi hulipenda kwa hilo. Wasichoambiwa ni mazuku: hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa katika vishimo na mabonde madogo kando ya ziwa, hasa magharibi ya Goma. Haina rangi, mtu mzima anapita salama na mtoto anayechezea chini anaanguka. Wenyeji wanajua mahali pake. Mtoto wa mgeni hajui. Ukiwa Goma na watoto usiwaache wachague pa kuchezea. Bukavu tatizo ni magoti: kila mahali ni kupanda au kuteremka, na mama mkwe mwenye miguu mibovu atakulaumu mpaka Kamembe, ng'ambo ya Rwanda. Lubumbashi ni tambarare, barabara pana, na ukija Septemba au Oktoba mijakaranda imechanua njia nzima rangi ya zambarau. Mtoto wa miaka kumi na mmoja utampeleka uwanja wa Mazembe, Kamalondo, na baada ya hapo hutalazimika kumtafutia burudani nyingine.

Njia, pesa, usalama

Hapa sizunguki. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka uohuo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika mapigano hayo, na mabenki yakafunga milango. Ile sababu ya kwanza ya watafiti, kwamba mtu hurudi anakopajua ili kukwepa mashaka, kwa Kivu haifanyi kazi: kuijua Goma ya 2019 hakukusaidii kuijua Goma ya leo, na ujasiri wa mtu aliyewahi kufika unaweza kumponza kuliko woga wa mgeni. Ndugu zangu wako huko, wanauza, wanasoma, wanaoana. Lakini mtu mwenye siku kumi za mapumziko na mtoto mkononi simwambii apite Grande Barrière, mpaka wa Gisenyi na Goma, kwa ajili ya kumbukumbu. Anayekwenda kwa lazima ya ukoo atapita Gisenyi kwa Goma, au Kamembe na daraja la Ruzizi kwa Bukavu, na kabla ya kutoka nyumbani apige simu kwa mtu aliye ndani ya mji, si kwa mtu kama mimi aliye mbali.

Lubumbashi inafikika kwa ndege kupitia Nairobi au Addis Ababa. Kwa mwenye mgongo wa chuma yapo mabasi kutoka Dar es Salaam yanayopita Tunduma, kukatiza Zambia hadi Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Mpakani weka subira katika mfuko wa karibu. Kwa miji yote mitatu, dola yenye mchaniko hata wa milimita mbili ni karatasi tu. Muuzaji ataigeuza mwangani, ataipima kwa kucha, atakurudishia.

Kwa hiyo, kama unarudi kwa sababu unataka kujua mahali pamekuwaje, mji wako ni Goma, siku njia zitakapotulia. Kama unarudi kukikuta ulichokiacha, ni Bukavu, na hapo sikubali kwamba napigia debe kwetu: yule mama wa sambaza ni ushahidi. Kama unarudi kwa watu, au una familia, au safari ni mwaka huu, ni Lubumbashi, ule mji wa picha moja na "na kingine?"

Nilimwambia hivyo kwa simu. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama Mazembe na Lupopo wanacheza Septemba. Nikamwambia ratiba ikitoka nitamtumia. Jioni ukaja ujumbe: anakuja na familia, na kilo mbili za dagaa wa Mwanza ziwekwe kando ya kapenta za jirani yangu wa Katuba, watu waonje macho yakiwa yamefungwa. Jirani amekwisha kukubali. Amesema sahani ya tatu iachwe wazi, siku sambaza zikiweza kufika.